Kutia Chumvi Kwenye Mchoro wa Mwili: Nini Kizidishwe, Wapi, na kwa Kiasi Gani

Mchoro wa mtu anayekimbia unaweza kuwa sahihi kwa kila kipimo na mtu mwenyewe asikimbie. Kichwa kina ukubwa wake, mikono ina urefu wake, magoti yako mahali pake, lakini ukiutazama unaona mtu aliyegandishwa akiwa na mguu mmoja hewani. Mwanafunzi akiambiwa atie chumvi, hurefusha miguu, huvimbisha misuli, hukuza viganja, na mchoro unageuka wa ajabu bila kuwa hai. Chumvi ilikuwapo ya kutosha; ilitiwa pasipo pake.

Hapa tunazungumzia mchoro wa mwili, hasa ule wa haraka, wa sekunde 30 hadi dakika 5, ambao kazi yake ni kunasa mwendo na uzito wa mtu kabla ya kuingia kwenye sura, vidole na nguo. Tuuite mchoro wa mwendo. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kutia chumvi kwa sababu hauna pa kujificha: una mistari kumi na tano au ishirini tu, na ule usiosema kitu unaonekana mara moja.

Waitaliano jambo hili waliliita caricare, yaani kupakia mzigo, na ndiko lilikotoka jina la vikaragosi katika lugha nyingi za Ulaya. Mzigo hupakiwa kutoka nje, juu ya kitu. Chumvi huyeyuka ndani ya chakula na kuitoa ladha iliyokuwamo tayari. Kwa mchoraji wa mwili, Kiswahili kimeona mbali zaidi: kazi yake ni kusukuma mbele kile ambacho mkao tayari unakifanya.

Chumvi ya kwanza ni fidia

Mkono wa binadamu huvuta kila kitu kwenye wima na mlalo. Mtu akiwa ameinama nyuzi 20 kutoka wima, mchoraji asiyezoea humchora ameinama 15, hata 12. Nyonga ikipanda upande mmoja kwa nyuzi 8, huchorwa karibu sawa. Sababu ziko kadhaa na zinasaidiana. Kingo za karatasi zenyewe ni wima na mlalo, na jicho linaziegemea bila kujua. Akili inajua kwamba watu husimama wima na kwamba mabega hulingana, basi inachora inachokijua. Halafu kuna mazoea ya kuanzia kichwani na kushuka kipande kwa kipande: kila kipande hulinganishwa na kilicho juu yake tu, na hunyooshwa kidogo ili kisionekane kinaanguka. Ukifika miguuni umeshapoteza nusu ya mwinamo bila kufanya kosa hata moja kubwa.

Juu ya hasara hiyo kuna hasara ya muda. Mtu anayetwanga umemwona akiinua mchi, ukafika juu, ukatulia kidogo, ukashuka. Karatasi inapewa nukta moja tu ya mwendo huo. Ikichorwa ilivyo, anayeutazama mchoro hapati yaliyotangulia wala yanayofuata. Wachoraji wa filamu za katuni walikutana na jambo hili waziwazi. Mwaka 1917 Max Fleischer alipata hataza ya mtambo wa kufuatisha filamu ya mtu halisi fremu kwa fremu, na katika miaka ya 1930 studio ya Disney nayo iliwapiga waigizaji filamu ili wachoraji wawatazame. Walipofuatisha picha hizo mstari kwa mstari, watu waliochorwa walikosa uhai na uzito, ingawa kila fremu ilikuwa kweli tupu. Ilibidi waitazame filamu, walielewe tendo, kisha walichore upya kwa kulizidisha.

Kwa hiyo kiasi cha kwanza cha chumvi hakiongezi kitu. Kinarudisha kilichopotea njiani. Ukilenga nyuzi 20 unatua kwenye 15. Ukilenga 27 unatua karibu na ukweli. Anayekataa kutia chumvi kwa kuogopa uongo huishia kwenye uongo wa aina nyingine, ule wa kupunguza.

Kinachozidishwa ni tofauti

Katika miaka ya 1980 Susan Brennan alitengeneza programu ya kompyuta ya kuchora vikaragosi vya nyuso. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: ilichukua nukta za uso wa mtu, ikazilinganisha na nukta za uso wa wastani, kisha ikaisogeza kila nukta mbali zaidi na wastani kwa kiwango kilekile. Pua iliyokuwa ndefu kuliko wastani ilizidi kurefuka. Pua ya kawaida ilibaki ilivyo. Mwaka 1987 yeye, Gillian Rhodes na Susan Carey walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliwatambua watu wanaowafahamu haraka zaidi kwenye vikaragosi vya namna hiyo kuliko kwenye michoro ya mistari iliyofuata uso kama ulivyo.

Kanuni hiyo inahamia mwilini moja kwa moja. Wastani wako ni mtu aliyesimama kama yuko gwarideni: mabega sawa, nyonga sawa, uzito nusu kwa nusu, mikono ubavuni. Ukiutazama mkao wowote, jiulize umetofautianaje na huo. Jibu ndilo unalolizidisha. Ambacho hakijatofautiana kiache.

Chukua mtu anayesubiri basi akiwa ameegemea mguu mmoja. Mguu wa kulia ndio unaobeba, basi nyonga ya kulia imepanda, kwa sababu upande wa kushoto hauna nguzo chini yake na umeshuka. Uti wa mgongo umepinda ili kifua kisianguke, na bega la kulia limeshuka kuielekea nyonga iliyopanda. Wachongaji wa Ugiriki waliujua mkao huu tangu mwanzoni mwa karne ya 5 KK, na jina lake la kontraposto limetoka Italia. Tuseme umekadiria nyonga nyuzi 8, mabega nyuzi 5 upande wa pili, kichwa nyuzi 3. Zidisha zote kwa moja na nusu: 12, kisha 7 au 8, kisha 4 au 5. Umelinda uwiano kati yao, na uwiano huo ndio unaomfanya awe mtu yuleyule, aliyechoka vilevile. Ukizidisha nyonga peke yake hadi 16 na mabega ukayaacha, unapata mtu mwenye maumivu ya mgongo.

Hapa kuna swali ambalo vitabu vingi hulipita: wastani wa nani? Kipimo cha mwili wa vichwa 8 kinachofundishwa sana ni umbo lililokuzwa. Watu wazima wengi wako karibu na vichwa 7 hadi 7 na nusu. Ukikifanya hicho kuwa wastani wako, kila mtu wa kawaida ataonekana mfupi, nawe utazidisha ufupi ambao hana. Kwa uso hatari ni kubwa zaidi. Vikaragosi vingi vya Waafrika vilivyochorwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vilizidisha midomo ileile na pua ileile kwa kila mtu, kwa sababu mchoraji alikuwa akilinganisha watu wote na uso wa Kizungu. Hakuna mtu anayetambulika katika michoro ile. Ukimchora mzee wa Pemba, mlinganishe na wazee wa Pemba. Hapo ndipo utaona kinachomtofautisha yeye ni nafasi kati ya macho, au kidevu, au namna anavyobeba shingo.

Pembe kwanza, urefu mwisho

Mwili una mahali kadhaa pa kutilia chumvi, na haviko sawa. Pembe ndiyo salama kuliko vyote. Mwinamo wa kiwiliwili, mteremko wa nyonga na wa mabega, kukunjika kwa goti na kiwiko: unaweza kuvisukuma sana na mtu akabaki mtu, kwa sababu mwili halisi hupita katika pembe hizo kila siku.

Kinachofuata ni mvutano kati ya mstari mnyoofu na mstari uliopinda. Wengi hudhani kuzidisha maana yake ni kupindisha kila kitu, na matokeo yake ni mwili wa mlenda. Mwili unaofanya kazi una upande uliokaza na upande uliolegea. Chora uliokaza kwa mstari karibu mnyoofu, na uliolegea kwa mstari uliopinda. Angalia mguu kwa mbele: shavu la nje la muundi limetokeza juu kuliko la ndani, na kifundo cha ndani kiko juu kuliko cha nje. Pande mbili haziko sawa popote. Mchoraji anayepinda pande zote mbili kwa kiasi kilekile, mahali palepale, hupata soseji, na soseji haina nguvu hata ukiizidisha mara tatu.

Tatu ni kubana na kunyooka. Kati ya kizimba cha mbavu na nyonga kuna nyama isiyo na mfupa zaidi ya uti wa mgongo, na hapo ndipo mwendo mwingi wa kiwiliwili hutokea. Mtu akiinamia upande wa kulia, ubavu wa kulia unajikunja na wa kushoto unatanuka. Zidisha zote mbili: upande mmoja mkunjo mmoja au miwili mizito, upande wa pili mstari mmoja mrefu usiokatika. Ukizidisha upande mmoja tu, kiwiliwili kinaonekana kimevimba badala ya kuinama.

Ukaribu nao una nguvu kubwa, ila unadai uangalifu. Ngumi inayokuja kwa mtazamaji inaweza kuwa kubwa kuliko kichwa, mradi kila sehemu ya mkono iikatize iliyo nyuma yake: ngumi mbele ya kigasha, kigasha mbele ya kiwiko, kiwiko mbele ya bega. Bila mistari hiyo ya kufunikana, ngumi kubwa ni ngumi kubwa tu. Kama unatumia picha ya simu, kumbuka kwamba lenzi kuu ya simu inaona eneo pana, na ukipiga kutoka mita 1 imeshamkuza aliye mbele kabla hujashika penseli. Piga kutoka mita 3 au 4 kwa kuvuta karibu, uone mwili ulivyo, kisha uamue mwenyewe cha kukuza.

Urefu wa viungo uje mwisho. Unawezekana, lakini unamtoa mtu katika ulimwengu wa kawaida, na ukishaanza lazima uendelee. Mwaka 1814 Ingres, mchoraji Mfaransa, alimchora mwanamke aliyejilaza akimpa mtazamaji mgongo, na wakosoaji wakalalamika kwamba amemwongezea pingili za uti wa mgongo. Walikuwa na haki kwa kuhesabu mifupa. Lakini mgongo ule unashuka kwa mstari mmoja laini kutoka shingoni hadi nyongani, na hauwezi kufupishwa bila kuukata mstari huo. George Lilanga (1934–2005), Mmakonde aliyefanya kazi zake Dar es Salaam, alikwenda mbali kuliko Ingres: masikio makubwa, midomo mikubwa, vidole vichache. Watu wake wanakubalika mara moja kwa sababu wote mchoroni wamejengwa kwa kanuni moja. Ukirefusha mkono wa mtu mmoja tu kwenye mchoro wenye watu watano, huyo ana ulemavu. Ukiwarefusha wote, umeumba kabila.

Msukuma mkokoteni, dakika 2

Tumchukue mtu anayesukuma kwa nyuma mkokoteni wenye madumu 10 ya lita 20, barabara ikiwa na mwinuko. Maji peke yake ni kilo 200. Unamwona kwa ubavu.

Sekunde 10 za kwanza usichore. Tafuta njia ya nguvu. Inaanzia kwenye vidole vya mguu wa nyuma vinavyokanyaga lami, inapanda kwenye goti lililonyooka, nyonga, mgongo, bega, inashuka mkononi na kuishia kwenye kiganja kilichobana ubao wa mkokoteni. Mtu huyu ni nguzo iliyoegemezwa ukutani. Litamke tendo lake kwa kitenzi kimoja: anasukuma. Kama kitenzi hakiji, bado hujauona mkao.

Sasa mstari wa tendo: mstari mmoja kutoka kwenye vidole vya nyuma hadi begani, karibu mnyoofu kabisa. Tuseme umeinama nyuzi 35 kutoka wima. Uchore 45. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwa nini. Unyayo uko ardhini na kiganja kiko kwenye mkokoteni. Ukimwinamisha zaidi bila kuhamisha kitu, bega linasogea mbele na kushuka, na mkono uliokuwa umenyooka hauna njia ila kukunjika. Mkono uliokunjika unaikata ile nguzo, na nguvu yote unayoitafuta inavujia kwenye kiwiko. Basi sogeza unyayo nyuma. Kutoka vidoleni hadi begani ni kama vichwa 6, na kutoka nyuzi 35 kwenda 45 unyayo unarudi nyuma karibu urefu wa kichwa kimoja, ilhali bega linashuka kama theluthi mbili za kichwa. Kwa kuwa bega limeshuka, mkono nao umelala zaidi, na msukumo sasa unaelekea mbele badala ya chini. Yote hayo umeyapata kwa kuhamisha nukta moja.

Kisha weka mafungu mawili: kizimba cha mbavu kama yai, nyonga kama sanduku, yote mawili yakiwa yamelala juu ya mstari wa tendo. Mguu wa mbele uko chini ya mwili, goti limekunjika. Likiwa nyuzi 110, libane hadi 95, kwa sababu goti hili ndilo linalojiandaa kwa hatua inayofuata na ndilo linaloleta muda kwenye mchoro. Kichwa kishushe kati ya mikono hadi sikio lifichwe na mkono wa juu. Upande wa mgongo na nyuma ya mguu wa nyuma upite mstari mmoja mrefu uliokaza. Upande wa tumbo na paja la mbele upate mipindo. Bonyeza mkaa kwa nguvu chini ya vidole vya nyuma na kwenye kiganja, kwingine legeza. Viganja visichorwe vidole. Na madumu yasipungue: mwili ulioinama nyuzi 45 nyuma ya mkokoteni mtupu unachekesha. Panga madumu juu ya mengine, mpaka yapite kimo cha kichwa chake.

Mwenzake anayevuta mkokoteni kwa mbele anataka chumvi tofauti kabisa. Kama amegeuka nyuma na kuvuta kwa mikono, mikono yake ni kamba: inyooshe mpaka mabega yatoke mahali pake kidogo, kombe la bega lisogee mbele pamoja na mkono. Mgongo ndio unaopinda, kama upinde wa kurushia mshale, na nyonga inarudi nyuma mbali na mzigo.

Chumvi isiyoinamisha

Mwanamke aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani ni mtihani mzuri, kwa sababu silika ya mwanafunzi ni kumpinda kwa mstari wa S kuanzia kichwani. Maji yatamwagika. Tofauti yake na mtu wa gwarideni ni kwamba yeye ni wima kuliko wima: shingo imerefuka, kidevu kiko sawa na ardhi, mtulinga umetulia. Kinachocheza ni nyonga. Basi zidisha vyote viwili kwa pamoja, utulivu wa juu na mchezo wa chini. Shingo na mstari wa katikati ya kichwa viwe timazi kamili, mabega yalale, halafu nyonga iteremke nyuzi 12 au 14 pale ulipoona 8. Mkono mmoja ukigusa ndoo, uguse kwa ncha za vidole; kiganja kinachoishika kwa nguvu kinasema kwamba hajazoea. Mkono wa pili uusukume mbali kidogo na ubavu ili pawe na mwanya wa mwanga kati yake na kiuno.

Mchoro kama huu unaonyesha kwamba unyoofu nao ni tofauti, na unastahili kuzidishwa kama mpindo wowote.

Visivyoguswa

Mahali mwili unapogusa kitu hapaelei. Kisigino kilichokanyaga kikanyage. Kiganja kilichoshika mpini kishike. Unaweza kuhamisha mahali pa kugusa, kama tulivyohamisha unyayo, lakini huwezi kupaacha nusu.

Mizani nayo ina sheria. Kwa mtu aliyesimama bila kuegemea kitu, dondosha timazi kutoka kwenye shimo la koo. Akiwa amebeba uzito kwenye mguu mmoja, timazi itue kwenye mguu huo; akiwa kwenye miguu yote miwili, itue kati yake. Ukisukuma pembe halafu timazi ikatoka nje, una njia tatu: rudisha kichwa na kifua upande wa pili, hamisha mguu, au kubali kwamba anaanguka na uchore hivyo. Mkimbiaji yuko nje ya mizani kila hatua, na ni halali yake. Asiye halali ni yule mtu wa kwenye foleni anayeonekana kama anasukumwa na upepo.

Na mifupa haipindi. Mstari wa tendo unaweza kupita begani, kiwikoni na kiganjani kwa mpindo mmoja, lakini kigasha chenyewe kina mifupa miwili iliyo karibu minyoofu. Mpindo mkubwa unajengwa kwa vipande vilivyonyooka vinavyogeuka kwenye viungo. Goti halikunjiki kwenda mbele, na kichwa hakigeuki kupita bega bila kifua kugeuka nacho.

Ngazi ya mara nne

Kiasi hakifundishwi kwa maneno. Kinajulikana kwa kukipita. Andaa karatasi za A3, mkaa wa kuchorea au penseli laini ya 4B hadi 6B, na uishike penseli kwa ubavu ili mstari utoke begani. Mchoro uwe na kimo cha sentimita 25 au zaidi. Ukichora kidogo kwa kifundo cha mkono, mipindo yako yote itakuwa ya ukubwa wa kifundo hicho, na mkao mpana utabanwa kabla haujaanza.

Chagua mkao mmoja. Mchoro wa kwanza, dakika 1, chora ulivyoona. Wa pili zidisha tofauti kwa moja na robo. Wa tatu kwa moja na nusu. Wa nne kwa mbili, na usiogope ukivunjika, lazima uvunjike. Iweke minne sakafuni, simama mita 2, utafute mahali mtu anapoacha kuaminika. Mchoro unaoutaka uko nusu hatua kabla ya hapo. Kwa picha zinazotaka kuaminika kama maisha, mara nyingi ni kati ya moja na robo na moja na nusu. Katuni ya gazeti inaweza kuanzia mbili. Rudia kwa mikao 10 tofauti, uone kwamba kiwango hakilingani: mtu aliyekaa kwa kuchoka huvunjika mapema, mrusha jiwe huvumilia sana.

Kuna zoezi jingine linalofanya kazi kuliko linavyoonekana. Mtazame mtu kwa sekunde 30 bila kuchora, mpe mgongo, kisha mchore kwa dakika 1 kutoka kichwani mwako. Kumbukumbu hutupa yasiyo muhimu na kukuza yaliyobaki. Ukilinganisha na mchoro uliofanya ukiwa unamtazama, utaona akili yako ilikuwa inajua pa kutia chumvi, mkono ndio ulikuwa ukikatalia.

Kwa kupima matokeo, jaza umbo lote kwa wino mweusi, au lifuatishe kwenye karatasi nyingine na ulijaze. Mpe mtu ambaye hakuuona mchoro wa kwanza. Akisema "anasukuma", umefaulu. Akisema "amesimama" au "anacheza", tatizo liko kwenye umbo la nje, na hakuna kivuli wala misuli itakayoliokoa. Mara nyingi dawa ni kutenganisha mkono na kiwiliwili ili mwanga upite kati yao.

Panapoharibika

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzidisha kila kitu. Jicho hupima kwa kulinganisha. Mwinamo mkubwa unahitaji kitu kilichotulia karibu yake. Kwenye mchoro mmoja chagua jambo moja kuu, la pili lisaidie, mengine yapunguze hata chini ya yalivyo. Msukuma mkokoteni wetu ana viganja visivyo na vidole na uso usioonekana, na hayo ndiyo malipo ya mwinamo wake.

Kosa la pili ni kuzidisha sehemu ndogo kabla ya kubwa. Mishipa ya shingo, kifundo cha mkono, mikunjo ya paji la uso: vyote vinavutia kwa sababu viko wazi na ni rahisi. Vikizidishwa juu ya kiwiliwili kilichosimama wima, mchoro unapiga kelele bila kusema neno. Mtu aliyechoka hujulikana kwa kifua kilichozama kuielekea nyonga na shingo iliyotoka mbele, na hayo yanaonekana hata ukiwa mita 20 kutoka kwake.

Tatu ni kuchagua nukta isiyofaa ya mwendo. Ukisimamisha video, epuka katikati. Mchi unapokuwa njiani kushuka, mwili hausemi kama unapanda au unashuka. Tafuta juu kabisa, mtwangaji akiwa amesimama kwa vidole na ubavu umetanuka, au chini kabisa, magoti yamelegea na mgongo umejikunja. Nukta ya katikati ukiizidisha unapata katikati iliyozidishwa.

Nguo zinahitaji neno lake, hasa kwetu, ambako mwili mara nyingi uko ndani ya kanzu, baibui au kanga. Mikunjo huanzia pale nguo inapovutwa: fundo la kanga, bega la kanzu, goti linalotangulia katika hatua. Mtu mwenye kanzu akipiga hatua, mkunjo mmoja mkubwa hutoka gotini ukapanda kwa mshazari kuelekea nyonga ya upande wa pili, na mwingine hushuka kwenye kisigino cha nyuma. Ukihesabu mikunjo 12, bakiza 3 inayofuata mvuto huo, uirefushe na uinyooshe. Iliyobaki ifute. Mikunjo mingi iliyochorwa kwa uaminifu huficha mwili kuliko nguo yenyewe.

Hatimaye kuna kusafisha. Unapoweka karatasi nyembamba juu ya rafu, yaani mchoro wa awali, ili kuchora mstari safi, mkono unarudia tabia yake ileile ya kuvuta kwenye wima, na rafu iliyokuwa hai inapoa. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, ongeza rafu yako kama sehemu moja ya kumi zaidi ya unavyotaka picha ya mwisho iwe. Kisha usianzie kichwani. Chora tena mstari wa tendo kwa mkupuo mmoja, kutoka vidole vya nyuma hadi begani, uulinganishe na wa rafu, na kama umesimama wima kuliko ule, ufute uanze upya kabla hujagusa kitu kingine.